Umerudi Pemba na kurasa 40 za kongamano: uanzie wapi?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mtengenezaji wa programu hapa Chake Chake. Ofisini tuko watatu, na mfumo wetu wa ada na mahudhurio unatumiwa na skuli 14 za binafsi, Unguja na Pemba. Tumeujenga kwa Django 3.2 (kiunzi cha kujengea programu za wavuti kwa lugha ya Python) na hifadhidata ya PostgreSQL. Programu imekaa kwenye seva ya ofisini, hifadhidata iko kwenye seva ya kukodi nje ya kisiwa. Wiki iliyopita ofisi ilinilipia nauli ya boti nikahudhurie kongamano la watengenezaji programu la siku tatu Unguja mjini. Nimerudi na kurasa 40 za daftari, picha kama 200 za slaidi, na kichwa kinazunguka. Kila aliyepanda jukwaani alikuja na jambo kubwa: mikroservisi, Kubernetes, akili mnemba. Kitu pekee nilichokielewa papo hapo ni hotuba ya dakika 5 kuhusu select_related, amri ya Django ya kuleta data zinazohusiana kwa safari moja, lakini naiona ndogo mno kuipeleka ofisini. Huku skuli zinalalamika: ripoti ya madeni ya skuli yenye wanafunzi 600 inachukua karibu sekunde 40 kufunguka. Alhamisi ijayo natakiwa niwaeleze wenzangu na mkubwa wetu wa kazi nilichopata. Nianzie wapi? Na sisi tuhamie huko kwenye mambo makubwa? Mwakani, inshallah, ningependa na mimi nizungumze.

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Hiyo hotuba ya dakika 5 uliyoiona ndogo ndiyo iliyolipa nauli yako. Tutaifikia, lakini kwanza tulipange daftari.

Daftari lenyewe liweke pembeni. Chukua karatasi tupu, uandike malalamiko matatu ambayo skuli zimewapigia simu zaidi mwezi uliopita. Moja tayari umetuambia. Ukishaandika, pitia kurasa zako 40 ukitafuta yale tu yanayogusa malalamiko hayo. Yanayogusa yahamishie kwenye ukurasa mpya, na kila moja liandikie sentensi tatu: aliyezungumza alikuwa na tatizo gani, alifanya nini, na kilimgharimu nini. Ukikosa cha kuandika kwenye sentensi ya tatu, ujue umesikia nusu ya habari. Mtafute mzungumzaji umuulize, maana wengi huacha anuani yao kwenye slaidi ya mwisho. Yasiyogusa yaache humo humo daftarini, yana wakati wake. Kazi hii usiipitishe siku mbili tatu. Maandishi ya haraka ya aina ya "angalia ile ya faharasa, muhimu!" baada ya wiki hata mwenyewe hutajua yalimaanisha nini. Kwenye picha, bakisha zenye namba, amri au mchoro. Zenye kichwa cha habari na nukta nne za maneno zifute, kwa sababu slaidi na video za makongamano mengi hupandishwa mtandaoni baadaye.

Sasa hayo makubwa. Hotuba ya dakika 25 au 30 huonyesha jengo likiwa limeshapakwa rangi. Miezi ya kuvunja na kujenga upya haimo, wala watu waliokesha. Ndiyo maana kila unachokisikia kinaonekana kwamba bila hicho umeachwa. Kabla ya kukileta ofisini kipitishe kwenye maswali manne: Wanaokitunza ni wangapi? Watumiaji wao ni wangapi? Walikuwa na nini kabla, na kilishindwa wapi hasa? Kwa mwezi kinakula kiasi gani, fedha na saa za watu?

Chukua mikroservisi. Maana yake ni kuukata mfumo mmoja kuwa programu nyingi ndogo, kila moja na kazi yake, zinazozungumza kupitia mtandao. Faida yake kubwa ni kwamba makundi mengi ya watengenezaji wanaweza kufanya kazi bila kukanyagana. Nyinyi mko watatu, na mkitaka kukubaliana mnageuza viti tu. Mkiukata mfumo wa ada vipande sita, kila mahali ambapo leo kipande kimoja cha msimbo kinaita kingine ndani ya mashine ile ile patakuwa na safari ya mtandao inayoweza kukatika katikati. Mtajikuta mnaandika msimbo wa kushughulikia malipo yaliyoandikwa upande mmoja na kukosekana upande wa pili. Kubernetes nayo ni chombo cha kuendesha kontena nyingi, yaani programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyohitaji, kwenye mashine nyingi. Ili ubongo wake wenyewe ustahimili mashine moja kuzimika, unataka mashine tatu za uongozi, kwa sababu etcd, inayotunza hali ya mfumo, huamua kwa wingi wa kura, na mashine mbili hazina wingi pindi moja inapokufa. Hapo bado hujaweka hata programu moja ya skuli.

Mkubwa wako akiuliza kama hamjapitwa na wakati, mpe mfano huu. Facebook ilipotangaza kuinunua Instagram, Aprili 2012, kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi 13 na watumiaji wapatao milioni 30, na programu yake imeandikwa kwa Django, hii hii mnayoitumia. Nyinyi mna skuli 14. Ukubwa wa mfumo si tatizo lenu leo.

Tatizo lenu ni ile ripoti, na hapa tukae kidogo.

Inawezekana sana msimbo wa ripoti unakwenda hivi: unachukua orodha ya wanafunzi 600, kisha katika mzunguko unaandika jina la mwanafunzi, mwanafunzi.darasa.jina na mwanafunzi.mzazi.simu. Django haileti darasa wala mzazi mpaka vitajwe. Kwa hiyo inaiuliza hifadhidata mara moja kupata orodha, halafu mara mbili kwa kila mwanafunzi: 1 + 600 × 2 = mara 1,201. Kwenye laptopu yako, programu na hifadhidata zikiwa mashine moja, kila swali linakula milisekunde moja au chini, ripoti inafunguka kwa sekunde moja hivi na hakuna anayeshtuka. Kwenye kazi halisi, swali linatoka Chake Chake, linavuka bahari, linajibiwa, linarudi. Fungua mstari wa amri uipigie ping, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi, seva yenu ya kukodi. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 30. Mara 1,201 ni milisekunde 36,030, yaani sekunde 36. Ongeza muda wa kuuchora ukurasa, umefika kwenye zile 40 mnazolalamikiwa. Mashine haina kazi ngumu hata kidogo, inangojea tu. Ndiyo maana kununua seva yenye nguvu zaidi hakutasaidia, na Kubernetes ingengojea vile vile.

Usituamini sisi, pima. Weka django-debug-toolbar, kifurushi kinachoonyesha kinachotendeka nyuma ya ukurasa, kwenye mazingira ya majaribio, ifungue ripoti, usome idadi ya maswali ya SQL, yaani yale inayoulizwa hifadhidata. Ukiona inapanda sambamba na idadi ya wanafunzi, umempata mwizi. Dawa ya sehemu ya kwanza ni mstari mmoja:

Mwanafunzi.objects.select_related("darasa", "mzazi")

Hapo Django inaunganisha jedwali tatu kwa JOIN na kuleta vyote kwa safari moja. select_related hufaa pale kila mwanafunzi ana kitu kimoja upande wa pili: darasa moja, mzazi mmoja wa kuwasiliana naye. Malipo ni mengi kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo yanataka prefetch_related("malipo"), ambayo huongeza safari ya pili na kuyagawa malipo ndani ya Python. Lakini ukishayaleta hivyo, ndani ya mzunguko usiandike mwanafunzi.malipo.filter(...), maana filter inaiuliza hifadhidata upya na ile kazi ya kuleta mapema inapotea bure. Kama unataka malipo ya muhula huu tu, weka sharti hilo ndani ya kitu cha Prefetch chenye queryset yake, yaani swali lake lenyewe kwa hifadhidata.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye kujumlisha, na huu ndio tunaouogopa kwenye mfumo wa ada. Mtu akishaonja kasi, hushawishika kuandika annotate moja (amri ya kuongeza hesabu kwa kila mwanafunzi) yenye Sum, yaani jumla, ya tozo na Sum ya malipo pamoja. Angalia kinachotokea. Mtoto ametozwa mara tatu, jumla shilingi 450,000. Amelipa mara mbili, 150,000 kila mara, jumla 300,000. Anadaiwa 150,000. Hifadhidata ikiunganisha tozo tatu na malipo mawili kwa pamoja inatoa mistari sita, kila tozo inahesabiwa mara mbili na kila malipo mara tatu. Tozo zinakuwa 900,000. Malipo yanakuwa 900,000. Ripoti inasema mtoto hadaiwi hata senti, na inasema hivyo kwa kasi nzuri, bila kosa lolote kwenye skrini. Wengine hukimbilia kuongeza distinct=True kwenye Sum. Hilo nalo ni kosa, kwa sababu malipo mawili ya 150,000 yatahesabiwa kuwa moja. Njia salama ni kupiga kila jumla kwa Subquery yake, yaani swali dogo ndani ya swali kubwa, au kuleta jumla mbili kwa maswali mawili tofauti kisha kuzikutanisha ndani ya Python. Safari mbili za milisekunde 30 hakuna atakayezihisi.

Ukimaliza, andika jaribio lenye assertNumQueries, inayohakiki idadi ya maswali kwa hifadhidata, na idadi uliyoifikia, tuseme 3, na lipe data ya wanafunzi 10. Siku mwenzako akiongeza safu mpya kwenye ripoti na kurudisha ugonjwa, jaribio litaanguka kabla skuli hazijapiga simu. Baadaye zungumzeni pia kuihamisha programu ikae karibu na hifadhidata, kituo kimoja. Kivinjari cha mhasibu wa skuli kitasafiri mbali zaidi, lakini kitasafiri mara chache kwa ukurasa, hali programu husafiri mamia.

Jambo la pili hukutuuliza, ila umelitaja: Django 3.2. Marekebisho yake ya usalama yalikoma Aprili 2024. Mfumo wenye majina ya watoto na simu za wazazi usikae hapo. Matoleo yanayotunzwa muda mrefu yaliyofuata ni 4.2, hadi Aprili 2026, na 5.2, hadi Aprili 2028. Lengo ni 5.2, na 4.2 iwe kituo cha kupumzikia tu. Kuruka moja kwa moja kunakuletea makosa ya miaka yote kwa mkupuo, usijue lipi limetoka wapi.

Daraja la safari hiyo ni Python 3.10, kwa sababu matoleo yote matatu yanaikubali. Anzeni kwa kuipandisha Python pekee hadi 3.10 mkiwa bado kwenye 3.2.25, la mwisho katika 3.2, kisha Django 4.2, kisha 5.2, ndipo muipandishe Python tena hadi 3.12. Kitu kimoja kwa wakati. Kabla ya yote, chukueni nakala ya hifadhidata kwa pg_dump -Fc, na nakala hiyo irudisheni kwa pg_restore kwenye mashine nyingine mhesabu wanafunzi waliomo. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu kuwa nakala. Angalieni pia PostgreSQL yenyewe: 5.2 inataka 14 au zaidi. Katika kila kituo endesheni majaribio kwa python -Wa manage.py test, muyasome maonyo. Onyo la leo ndilo kosa la toleo lijalo.

Mambo yatakayowaumiza tunaweza kuyataja tangu sasa. Tangu Django 4.0 ugettext (ya kutafsiri maneno) imeondolewa, pamoja na url() ya django.conf.urls (ya kupanga anuani za kurasa), kwa hiyo tumieni gettext, na re_path au path. CSRF_TRUSTED_ORIGINS, orodha ya tovuti zinazoaminiwa katika kinga ya fomu za kughushi (CSRF), sasa inataka anuani nzima yenye https:// mbele. Mkisahau, skuli zitaweza kusoma kila kitu lakini huenda kila fomu itakayotumwa ikakataliwa kwa kosa la 403 (ruhusa imenyimwa), na mtapoteza siku nzima mkitafuta kosa kwenye fomu. Tangu Django 5.0 msaada wa pytz (maktaba ya saa za maeneo) umekwisha, zoneinfo imechukua nafasi yake. Na kiungo cha kutoka kwenye mfumo, kama kimeandikwa kama kiungo cha kawaida, kitakataa kufanya kazi: LogoutView inakubali POST tu, hivyo kigeuzeni kuwa fomu yenye kitufe na tokeni ya CSRF. Fanyeni haya skuli zikiwa likizo. Wiki za mwanzo wa muhula, wazazi wakimiminika kulipa, msiguse kitu.

Kuhusu akili mnemba tutasema kidogo. Inasaidia kuandika majaribio na kueleza msimbo wa zamani. Msibandike humo data halisi za wanafunzi, wala msikubali msimbo wa kujumlisha fedha ambao hamjaupima kwa mfano wa 450,000 na 300,000 hapo juu. Mtego ule inauandika kama binadamu anavyouandika.

Alhamisi, basi. Dakika 20 zinatosha. Usiwasimulie siku tatu za kongamano. Onyesha ripoti ya zamani ikifunguka, wenzako wakae kimya zile sekunde 40 zote, waziskie. Kisha onyesha mpya. Halafu weka ile hesabu ya 1,201 × 30 ubaoni, na umalize kwa ratiba ya kupandisha Django yenye tarehe. Mkubwa wa kazi atakumbuka zile sekunde. Rekodi zoezi zima kwa video siku moja kabla, kwa sababu onyesho la papo hapo huharibika kwa sababu za kipuuzi: umeme umekatika na ruta haina betri, projekta haiikubali skrini yako, au nywila ya majaribio imekwisha muda. Maandishi ya msimbo yasipungue ukubwa wa 24, na mandhari yawe meupe kama chumba kina madirisha.

Na kabla ya kupanda boti mwakani, shusha vitu vyote ukiwa Pemba. Washiriki 40 wa warsha wakishusha kwa pamoja kontena ya megabaiti 800, hizo ni gigabaiti 32. Kwa mtandao wa megabiti 50 kwa sekunde, hata ukienda bila kukwama, ni dakika 85, na warsha yenyewe huenda ni ya saa mbili. Waifai ya 2.4 GHz nayo ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, kwa hiyo ukumbi uliojaa hukwama hata kama waya unaoingia ni mzuri. Chagua 5 GHz inapopatikana. Vifurushi vya Python vishushe kwa pip download, na nyaraka za Django zichukue kama faili. Beba pia ekstensheni ya plagi tano, maana anayeifungua mezani hupata marafiki watano kabla ya chai, na huko kwenye chai ndiko utakakopata ile sentensi ya tatu, ya gharama.

Kuhusu kuzungumza mwenyewe, usingoje uwe bingwa. DjangoCon, kongamano la watumiaji wa Django, ya kwanza barani Afrika ilifanyika hapa hapa Zanzibar, Novemba 2023, na iliyofuata ikawa Arusha, Agosti 2025. Makongamano ya jumuiya kama haya hutangaza mwito wa mada miezi kadhaa kabla, na mengi yana mfuko wa kusaidia nauli na malazi, wenye tarehe yake ya mwisho, mara nyingi mapema kuliko watu wanavyodhani. Pendekezo liwe na kichwa kinachotaja tatizo, aya moja au mbili, na mambo matatu atakayoondoka nayo msikilizaji. "Utangulizi wa Django" kwa kawaida kitapita pembeni. "Ripoti iliyosema mtoto hadaiwi: Sum mbili ndani ya annotate moja" kitasomwa hadi mwisho. Au andika juu ya mfumo unaostahimili umeme kukatika. Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Kuna mambo ambayo msanifu wa visiwani anayajua kwa mwili wake na wa kwingine anayasoma vitabuni. Kama dakika 25 zinakutisha, anza na zile 5 za hotuba fupi, ambazo kwa kawaida mtu hujiandikisha siku ile ile ukumbini.

Kuna na mlango mwingine, ulio wazi leo. Kwenye nakala ya majaribio ya mfumo wenu weka LANGUAGE_CODE = "sw", hakikisha USE_I18N ni True, ufungue ukurasa wa utawala wa Django. Kiswahili kimo tayari. Pita fomu moja moja, uandike kila neno lililobaki Kiingereza na kila tafsiri ambayo mhasibu wa skuli ya Wete hangeielewa. Tafsiri za Django hukusanywa kwenye Transifex, tovuti ya kutafsiri programu kwa pamoja, kwenye kundi la Kiswahili, na kujiunga ni bure. Ukiwapelekea maneno kumi yaliyosahihishwa vizuri, yakikubaliwa yataingia kwenye toleo linalotumiwa Mombasa, Lubumbashi na Chake Chake.